Kuridhika Si Kujua

Imekuwa desturi katika vyuo vikuu vingi kwamba mkutubi, akiisha kuwafundisha wanafunzi namna ya kutafuta vitabu na makala, huwapelekea hojaji kwa njia ya mtandao kabla hawajatawanyika. Hojaji yauliza: Je, somo limekufaa? Je, sasa wajiona waweza kutafuta makala bila ya msaada? Mwanafunzi, kidole chake kwenye simu na jicho lake mlangoni, hugusa "nakubali kabisa" mara tano, akaenda zake. Mashine hujumlisha, na mwisho wa mwaka mkuu wa maktaba huandika katika taarifa yake kwamba wanafunzi wamejifunza. Neno hilo la mwisho ndilo ninalolipinga. Waliulizwa kama wameridhika. Taarifa yasema wamejifunza. Nani alilibadili neno njiani?

Donald Kirkpatrick wa Marekani aliyatenga mambo haya tangu mwaka 1959. Alionyesha kuwa mafunzo hupimwa kwa madaraja manne: jinsi yalivyopokewa, maarifa yaliyopatikana, mwenendo uliobadilika, na matokeo yake kazini. Hojaji ya kuridhika ni ya daraja la kwanza, na hapo haina kosa. Ni faida kujua kwamba mwalimu hasikiki nyuma ya chumba. Kosa ni kuipandisha daraja la pili kwa nguvu ya kalamu.

Wapo watakaojibu kwamba hojaji zao haziulizi furaha tu, bali humtaka mwanafunzi ajipime maarifa yake mwenyewe. Jibu hili ni baya kuliko la kwanza, maana lamfanya mgonjwa kuwa tabibu wa nafsi yake. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell walitangaza majaribio yao juu ya ucheshi, mantiki na sarufi. Walioshika mkia, ambao kwa wastani walikuwa wamewapita watu 12 tu katika 100, walijidhania kuwa wamewapita 62. Wapo wajuzi wa hesabu wanaosema kwamba sehemu ya pengo hilo yatokana na namna lilivyokokotolewa, na ubishi wao una maana. Lakini Melissa Gross na Don Latham wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walipowapima wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika maarifa haya haya ya kutafuta na kupima habari, waliona wenye ujuzi mdogo wakijikadiria juu mno. Basi yule anayemhitaji mkutubi kuliko wenzake ndiye awezaye kuandika kwa moyo mkunjufu kwamba hamhitaji.

Sisemi mtandao utupwe. Chombo hakina hatia. Swali ndilo lenye hatia. Mwaka 2016 watafiti wa elimu ya historia wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza majibu 7,804 ya wanafunzi wa majimbo 12 ya Marekani. Hawakuwauliza kama wajua kupambanua habari na tangazo. Waliwapa ukurasa wapambanue. Wanafunzi zaidi ya 80 katika kila 100 wa shule za kati walilichukua tangazo, lililoandikwa wazi kuwa limelipiwa, kuwa ni habari ya kweli. Fikiri, msomaji, wangejibu nini kama wangeulizwa wanajiamini kiasi gani!

Mkutubi naye aweza kufanya vivyo hivyo. Na ampe mwanafunzi mada, amtake atafute makala moja ya kitaalamu, aeleze maneno aliyotafutia, jinsi alivyoyabadili yalipomletea makala maelfu, na kwa nini amechagua hii akaacha ile. Majibu ya namna hiyo hayana budi kusomwa, na kuyasoma ya wanafunzi mia mbili ni kazi ya siku nyingi. Hapo ndipo penye siri ya hojaji: yapendwa kwa kuwa ni nyepesi. Tena mwisho wa muhula, kwa ruhusa ya mwalimu wa somo, aziombe insha zenyewe atazame marejeo yake. Yakiwa ni yale yale ya ukurasa wa kwanza wa Google, somo halikushika, hata kama kila mtu aliridhika.

Itasemwa kwamba mkutubi hupewa saa moja tu kwa muhula, na wakuu wa chuo wataka tarakimu kabla ya kutoa fedha. Ni kweli. Lakini tarakimu ya uongo humdhuru mkutubi mwenyewe. Akiisha kuwaambia wakuu kwamba saa moja imewatosha wanafunzi wote, ataombaje saa ya pili?