Habari Hii Imelipiwa na Nani?

Msimu wa matamasha ya muziki unapokaribia, kurasa za burudani hubadili lugha. Tamasha ambalo bado halijafanyika huandikwa kwamba siku hiyo "hapatoshi", kwamba jiji litatikisika, kwamba mashabiki wakae mkao wa kula. Likishapita tunasoma kwamba msanii fulani "alipagawisha", kwamba umati "ulifurika" na nyoyo "zilikongwa". Ukiziweka habari hizo mbili pamoja, ya kabla na ya baada, utaona kilichobadilika ni wakati wa kitenzi tu. Sifa zilikuwa tayari kabla jukwaa halijafungwa.

Lingekuwa jambo la kuchekesha kama lisingeingia majumbani mwetu. Kijana wa miaka kumi na sita anayeomba ruhusa ya kwenda huko huja na habari hiyo kama ushahidi: baba, limeandikwa gazetini, mama, redio imesema ulinzi ni wa uhakika na familia zote zitakuwepo. Mzazi anatakiwa atoe hukumu, na shahidi pekee aliyeletewa ni huyo.

Hapa hatufungui upya mlango wa hukumu ya muziki. Masheikh wetu wamelizungumza sana na msomaji anajua anamfuata nani. Swali letu ni dogo zaidi, nalo linamhusu hata yule asiyeona ubaya wa tamasha: je, kilichoandikwa ni habari, au ni tangazo lililovaa kanzu ya habari?

Tuanze na mambo yaliyo wazi kwa kila mtu. Tamasha la Fiesta limekua mikononi mwa Clouds, yaani chombo cha habari na kampuni dada yake ya kuandaa maonesho. Kwa miaka kadhaa lilibeba jina la bia, likaitwa Serengeti Fiesta. Baadaye likachukua jina la kampuni ya simu, likawa Tigo Fiesta. Tuzo za muziki zilizovuma kuliko nyingine zote nchini nazo zilijulikana kwa jina la bia ya Kilimanjaro. Wasafi, wenye redio na televisheni yao, wana Wasafi Festival. Hakuna siri katika hayo na hakuna aliyevunja amana kwa kuyafanya. Lakini matokeo yake ni kwamba mtangazaji anayekusomea habari za tamasha anaweza kuwa mwajiriwa wa nyumba ile ile inayouza tiketi. Muuza maembe haulizwi kama maembe yake ni matamu.

Jina la bia nalo tusilipite haraka. Tangazo la bia hubeba onyo la umri, na mzazi akilisikia anaweza kuzima redio. Jina hilo likishakuwa sehemu ya jina la tamasha, huingia katika taarifa ya habari bila onyo lolote, likatajwa asubuhi, mchana na jioni. Mtoto wa miaka minane analishika kama jina la furaha, na hajui ni jina la kilevi. Kwa mdhamini, hapo ndipo penye thamani ya fedha yake, kuliko hata bango lililo nyuma ya jukwaa.

Fiqhi yetu ya biashara ina neno kwa jambo linalofanana na hili. Mtume (s.a.w.) alikataza najash, nayo ni mtu kusimama sokoni akapandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua, ili mnunuzi wa kweli aone inagombewa, naye aingie. Wapo wanazuoni walioingiza humo pia kuisifu bidhaa ili tu iuzike. Mwenye najash hasemi kwamba ametumwa na mwenye mali. Anajitia kuwa mnunuzi kama wewe. Akijitambulisha kuwa ni dalali, hila imekwisha. Vijana wa leo wana neno lao, wanamwita "chawa", na wanalisema kwa kicheko. Cha ajabu ni kwamba wanamtambua chawa akiwa mtu mwenye simu mkononi, wasimtambue akiwa safu ya gazeti.

Wanazuoni wa Hadithi walikuwa wakali zaidi. Msimulizi aliyekuwa akilingania jambo lake mwenyewe, wengi wao hawakuipokea riwaya yake inayoliunga mkono jambo hilo, hata kama katika mengine walimwona mkweli. Wanakisimulia pia kisa cha Ghiyath bin Ibrahim aliyeingia kwa Khalifa al-Mahdi wa Bani Abbas. Khalifa alikuwa mpenzi wa njiwa. Ghiyath akaitaja Hadithi inayoruhusu zawadi ya mashindano katika mishale, ngamia na farasi, kisha mwishoni akaongeza neno moja: au ndege. Khalifa akampa dirhamu elfu kumi. Alipogeuka kuondoka, Khalifa akasema kisogo kile ni kisogo cha mwongo, akaamuru njiwa wachinjwe.

Tazama kwamba Hadithi yenyewe ilikuwa sahihi. Kilichoongezwa ni neno moja, tena neno la kumfurahisha mwenye mfuko. Tazama pia kwamba dirhamu alipewa. Habari nyingi za matamasha zimejengwa hivyo: tarehe ni ya kweli, uwanja ni wa kweli, majina ya wasanii ni ya kweli, na katikati yake limepandwa lile neno la njiwa.

Tutalijuaje? Dalili kubwa ni sauti zinazosikika ndani ya habari. Hesabu walionukuliwa. Mara nyingi utamkuta mratibu wa tamasha, meneja masoko wa kampuni inayodhamini na msanii mmoja. Wote watatu wanakula sahani moja. Hayumo jirani wa uwanja asiyelala usiku kucha, hayumo muuguzi wa zamu ya usiku, hayumo mzazi, hayumo hata shabiki aliyelipa kiingilio akaondoka na manung'uniko. Ukikuta habari hiyo hiyo katika magazeti mawili, sentensi kwa sentensi, jua imeandikwa ofisini kwa mdhamini na wahariri wameweka jina tu. Sitaki kuwalaumu waandishi wachanga bila kuitazama hali yao. Wengi hulipwa kwa habari iliyotoka, na mkutano na waandishi huwa hotelini, una chakula, na mwishoni huwa na bahasha ya "nauli". Mwenye njaa ukampa bahasha, umemweka mahali pagumu.

Dalili nyingine ni kisichoandikwa. Tamasha litakwisha saa ngapi, na watoto watarudi kwa usafiri gani saa hiyo? Pombe inauzwa ndani? Mlangoni umri unaangaliwa? Milango ya dharura ni mingapi? Na wakisema umati ulikuwa maelfu kadhaa, nani alihesabu? Picha iliyopigwa karibu na jukwaa huonesha vichwa vilivyobanana. Uwanja mtupu ulio nyuma haumo.

Wenzetu wa Marekani wamelipitia hili kwa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilibainika kwamba watangazaji wa redio walikuwa wakipokea fedha za siri ili wapige nyimbo za kampuni fulani, na mwaka 1960 sheria ikarekebishwa: aliyelipwa aseme hadharani kuwa amelipwa. Njia ikabadilika, tabia ikabaki. Desemba 2016 wanamitindo na watu mashuhuri walilipwa kulinadi katika kurasa zao za mtandao tamasha la Fyre, lililopangwa kufanyika visiwa vya Bahamas, na wengi wao hawakusema kuwa wamelipwa. Vijana walinunua tiketi kwa bei kubwa wakiahidiwa nyumba za kifahari. Aprili 2017 walipofika walikuta mahema, magodoro yaliyolowa mvua na mkate wenye vipande vya jibini. Tamasha likavunjika, na mwaka 2018 mwandalizi wake akahukumiwa kifungo cha miaka sita kwa ulaghai. Wale waliokuwa wakinadi hawakuwa wamekagua hata hema moja.

Jambo hili linafaa kufanywa mezani na watoto, bila ukali. Wape kalamu na ukurasa wa burudani, wakate kila neno la sifa, kisha wasome kilichobaki. Mara nyingi hubaki mahali, tarehe na kiingilio, yaani tangazo. Waulize nani anapata fedha tukienda, na je, huyo ndiye aliyetuambia twende? Kijana aliyeyafanya haya mara mbili tatu hubishana kwa adabu zaidi, na wakati mwingine hughairi mwenyewe.

Kwa kuwa tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, kipimo hiki tusikiishie kwa wengine. Siku hizi yapo matamasha ya kaswida yenye kiingilio, yenye benki au kampuni ya simu nyuma yake, na magazeti yetu ya Kiislamu huyaandika kwa maneno ya kupamba vile vile. "Yalifana sana." Nani alisema yalifana? Fedha iliyokusanywa kwa jina la yatima ilikuwa kiasi gani, na iliwafikia lini? Msomaji akituandikia kuuliza hivyo kuhusu habari tuliyoichapa sisi, anastahili jibu lenye hesabu, katika ukurasa ule ule iliposomwa sifa.