WANAOWAUZIA WANARIADHA DAWA NAO WASAKWE



Natoa maoni yangu juu ya wanariadha wanaotumia dawa za kuongeza nguvu. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025, vijana wetu wameona kuwa mbio zina heshima na fedha. Penye fedha hapakosi mjanja mwenye sindano.

Tutazame ya jirani zetu Kenya. Jemima Sumgong alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016. Februari 2017 alipimwa Kapsabet, wakati hayupo mashindanoni, akakutwa na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu. Alifungiwa miaka minne. Ilipobainika kuwa alijitetea kwa vyeti vya hospitali vya uongo, ikawa minane.

Wapo wanaotaka vipimo viongezwe siku ya mashindano. Mimi siafiki. EPO hutoweka mkojoni baada ya siku chache tu, hivyo mdanganyifu huacha mapema akafika uwanjani safi. Anayemwogopa ni mpimaji anayebisha hodi alfajiri bila taarifa. Ndiyo maana wakimbiaji wakubwa hutakiwa kutaja kila siku mahali na dakika 60 watakapopatikana. Wakikosekana mara tatu katika miezi 12, ni kosa. Ni usumbufu kweli, maana hata kulala kwa shemeji lazima utoe taarifa, lakini njia nyingine sioni.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mkimbiaji hutangazwa dunia nzima, ila aliyempa sindano hatumsikii. Je, EPO huchumwa shambani kama mchicha? Ni dawa ya wagonjwa wa figo, hutoka hospitali au duka la dawa. Chama cha riadha kitamfungiaje muuza duka asiyekimbia? Mwenye uwezo huo ni Serikali, yenye polisi na Baraza la Famasi.

Kenya, baada ya kuponea chupuchupu kufungiwa mwaka 2022, iliahidi kutoa dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano. Sisi tungeanza kwa gharama ndogo. Wakaguzi wapite maduka ya dawa yaliyo karibu na kambi za wakimbiaji, wafungue daftari na kuuliza: EPO iliingia kiasi gani, daktari gani aliiandika, na mgonjwa yupi alipewa?

Mpenda Riadha,
Arusha.