Siku ya Kiswahili Itoke Ukumbini

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa Kigali hupiga pasi mashati meupe, wasichana hujifunga kanga, na sote huelekea ukumbini. Mwaka mmoja nilikwenda huko pamoja na shangazi yangu. Naanza na kisa chake kwa sababu ndicho kilichonisukuma kuandika insha hii, na pia kwa sababu nimechoka kukisimulia usiku bwenini kisha asubuhi nikanyamaza mbele ya walimu.

Shangazi amezaliwa Biryogo, hapo Nyamirambo, na kazi yake ni kupika pilau za harusi. Kiswahili hakukisoma darasani, alikipata kwa mama yake. Kamati yetu ilimwomba atupikie pilau ya watu mia moja na hamsini, naye akafika alfajiri na masufuria yake. Ukumbini risala ya kwanza ilisomwa kwa Kiingereza. Mgeni rasmi alisema "Hamjamboni", akapigiwa makofi, kisha akaendelea kwa Kiingereza kwa muda wa dakika arobaini. Baadaye tulighani ngonjera tuliyokuwa tumeikariri kwa wiki mbili, tukapiga picha chini ya bango, tukatoka kwenda kula.

Nje, nyuma ya ukumbi, mwenzetu mmoja alimwuliza shangazi anawezaje kupika chakula kingi hivyo peke yake. Akajibu, "Sisi tunapikaka hivi tangu zamani." Kundi zima likacheka. Mmoja akamsahihisha: "Sema 'hupika', mama. Hicho si Kiswahili sanifu." Nami nilikuwamo katika kundi lile. Sikumsahihisha, lakini nilicheka. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniuliza, "Siku hii ni ya Kiswahili, ama ni ya watu wanaosoma Kiswahili?" Nilikosa la kusema. Jibu langu ni hili ninaloliandika sasa, ingawa limechelewa.

Nasema hivi, na atakayekasirika akasirike: namna tunavyoiadhimisha siku hii inakidhuru Kiswahili nchini Rwanda. Inakifanya kionekane mgeni anayekaribishwa mara moja kwa mwaka, akasifiwa, akalishwa, kisha akasindikizwa hadi mpakani. Kama tunakipenda kweli, tukitoe ukumbini tukipeleke katika sherehe na michezo ambayo watu wa mji huu wanayo tayari.

Kwanza tuikumbuke tarehe yenyewe. UNESCO ilipoitangaza Siku ya Kiswahili Duniani mwezi Novemba 2021, tarehe 7 Julai haikuokotwa tu. Siku kama hiyo mwaka 1954, chama cha TANU kilianzishwa Tanganyika, na chama hicho kilikitumia Kiswahili kuwaunganisha watu wa makabila mengi katika kudai uhuru. Watu wale hawakukutana ili kukisifu Kiswahili. Walikuwa na jambo zito la kufanya, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kulifanya pamoja. Sisi tumeichukua tarehe yao tukaliacha jambo lao.

Pili, tukumbuke kwamba Kiswahili si mgeni hapa. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, Mjerumani. Pamoja na utawala ule walikuja askari na wafanyabiashara waliotoka upande wa pwani, nao walikuja na lugha yao. Kwa hiyo lugha hii inakaribia kulingana na mji kwa umri. Lakini wakoloni waliwatenga waliokuwa wakiisema, wengi wao Waislamu, katika mitaa yao peke yao, na Biryogo ulikuwa mmojawapo. Kutengwa huko kulizaa jina baya. Mpaka leo, mtu akiitwa "umuswahili" kwa Kinyarwanda, mara nyingi maana yake ni mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Nimeliita jina baya kwa sababu nimeitwa hivyo shuleni, na aliyeniita hakuwa na habari kwamba lugha hiyohiyo siku moja ingekuwa rasmi.

Na imekuwa rasmi. Mwaka 2017 Kiswahili kilipitishwa na Bunge letu kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2025 maadhimisho ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya siku hii yalifanyika hapahapa Kigali. Sheria ipo na heshima ya mikutano ipo. Kilichobaki ni mtu wa Kicukiro kukisikia Kiswahili kikisemwa katika jambo analolipenda, akaona kwamba ni chake pia. Jambo hilo haliletwi na risala.

Sasa tutazame sikukuu ambazo Wanyarwanda hawahitaji kualikwa ili waje. Ijumaa ya kwanza ya mwezi Agosti ni Umuganura, sikukuu ya mavuno ya kwanza. Zamani mfalme ndiye aliyeonja kwanza mtama na ulezi mpya, kisha watu wote wakala. Mwaka 1925 utawala wa Kibelgiji uliikomesha katika jumba la mfalme. Serikali yetu imeirudisha, na leo watu hukaa pamoja, watoto wakapewa maziwa, wazee wakanywa pombe ya mtama, wakahesabu waliyoyavuna mwaka huo. Nauliza: sikukuu ile iliweza kurudi kwa nini? Iliweza kwa sababu njaa na shibe ni mambo ya kila nyumba. Haikuhitaji kuelezwa kwa picha za mradi ukutani.

Au tazama mashindano ya baiskeli, Tour du Rwanda, ambayo ni ya kimataifa tangu 2009. Hakuna tiketi wala kiti cha mgeni rasmi kando ya barabara. Mama huja na mtoto mgongoni, fundi huacha nyundo yake, wanafunzi hupanda juu ya kuta. Mwezi Septemba 2025 Kigali ukawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli barabarani, na Tadej Pogačar akashinda mbio za wanaume siku ya mwisho. Waliopanda baiskeli siku ile walipita kwenye mlima wa mawe tunaouita Kwa Mutwe, upande wetu wa Nyamirambo. Mtaa unaodharauliwa kwa ajili ya lugha yake ulitazamwa na dunia nzima. Na pale ukingoni, kati ya vigelegele vya Kinyarwanda, nilisikia "Kaza mwendo!" na "Twende, twende!" kwa Kiswahili, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuingia katika ukumbi wetu. Sisi wenye vitabu tulikuwa wapi? Wengi wetu tulikuwa palepale tukishangilia, ila hapana aliyefikiri kwamba hilo nalo ni jambo la idara yetu.

Tazama vilevile marathoni ya amani ya Kigali, ambayo imekimbiwa tangu 2005. Wakimbiaji huja kutoka Kenya na nchi nyingine jirani. Ni nani anayewapokea kwa lugha ambayo wengi wao wameizoea tangu utotoni? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeweza kuchambua tamthilia nzima angeweza kusimama kwenye meza ya kugawa maji akazungumza nao. Angejifunza zaidi asubuhi ile kuliko katika ngonjera kumi.

Najua wako watakaosema kwamba nalinganisha vitu visivyolingana, kwamba baiskeli ni baiskeli na lugha ni lugha. Nawajibu kwa mfano wa Waswahili wenyewe. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwaka mwezi Julai huwa na Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na kila nyumba hupika kwa sababu ni aibu siku hiyo kula bila mgeni. Kule Lamu watu hushindanisha punda na mashua. Hakuna bango linalosema "Tunaadhimisha Kiswahili", lakini kila tusi la mchezo, kila utani, kila wimbo na kila ugomvi wa nani ametangulia ni Kiswahili. Lugha inaishi mle kama chumvi katika mchuzi. Sisi tumetengeneza sherehe ya chumvi peke yake, tena tunashangaa kwamba wageni hawarudi mwaka unaofuata.

Hoja nyingine, ambayo nimeisikia kwa mwalimu ninayemheshimu sana, ni kwamba ukumbi unaipa lugha hadhi. Lugha iliyotukanwa mitaani, alisema, inahitaji suti na zulia jekundu. Hoja hii ina uzito na siidharau. Mtoto aliyeitwa umuswahili hufurahi kumwona waziri akikisema Kiswahili. Lakini hadhi ambayo inamwacha shangazi yangu nyuma ya ukumbi na kumcheka kwa "tunapikaka" ni ya nani? Tumeondoa dharau kwa Waswahili tukaibadilisha jina, sasa inaitwa usanifu. Mimi nasoma Kiswahili sanifu, nakitaka, na natumaini kukifundisha. Sanifu ni ya mitihani, ya magazeti, ya bungeni. Haikutengenezwa ili iwe fimbo ya kumchapa mtu aliyekilinda Kiswahili mjini humu miaka ambayo hakukuwa na idara wala shahada.

Na wa mwisho watasema: Rwanda nzima inasema Kinyarwanda, Kiswahili cha nini sherehekeani? Ni kweli, sisi hatuko kama Tanganyika ya 1954. Mtu wa Musanze na mtu wa Huye hawahitaji lugha ya tatu ili waelewane, na anayetaka Kiswahili kichukue nafasi ya Kinyarwanda anapoteza wakati wake. Lakini malori yanayoleta mafuta na saruji hutoka bandari ya Dar es Salaam yakavuka mpaka wa Rusumo. Wanawake wa Rubavu huvuka kila siku kwenda kuuza nyanya Goma. Watu hao wanakihitaji Kiswahili kwa ajili ya mkate wao. Lugha ya mkate ikikosa pia lugha ya furaha, itabaki ni ya forodhani tu, na mtoto ataiona kama mzigo wa baba yake.

Basi naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. La kwanza: Julai ijayo tusikodi ukumbi. Twende Biryogo, kwenye ile barabara iliyofungwa magari na kupakwa rangi, ambako watu hukaa jioni wakinywa chai. Tuweke kipaza sauti hapo, na wa kwanza kukishika awe mzee wa mtaa, si sisi na wala si mgeni rasmi. Tuwaulize Kiswahili kiliwafikiaje, tuandike majibu yao. Hiyo ni kazi ya utafiti ambayo mhadhiri yeyote angeipokea.

La pili: Tour du Rwanda itakapopita Nyamirambo, tuwe na watangazaji wetu wa Kiswahili kando ya mlima, kwa spika moja tu, tukiwatangazia watu wetu. Mtu aliyejifunza kutangaza baiskeli ikipanda Kwa Mutwe hatasahau vitenzi vyake maisha yake yote.

La tatu: siku ya Umuganura, kila mmoja wetu akirudi kwao, asimulie hadithi moja kwa Kiswahili mbele ya watoto wa jirani, kisha awaache wao wasimulie kwa Kinyarwanda. Asisahihishe mtu.

Wanafunzi wenzangu, tusiwalaumu walimu peke yao. Bango tulilichora sisi, na kicheko kile nyuma ya ukumbi kilikuwa chetu. Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema, lakini sisi tumecheza ugenini katika mji wetu wenyewe, tukawaacha wa kwetu jikoni. Mimi Julai ijayo sitaingia ukumbini. Nitakuwa Biryogo, na anayetaka kuja na aje.

Shangazi nimekwisha kumwomba radhi, na nimemwambia mpango huu. Amesema atakuja na atazungumza. Amesema pia kwamba safari hii wanafunzi ndio watakaoosha masufuria.