Kabla ya Lupita kulikuwa na Mutia

Wadau, jana kwenye kibanda umiza hapa Msamala ulizuka ubishi: Hollywood sisi tulifika lini? Wote wakamtaja Lupita Nyong'o. Jamani! "Trader Horn" ilitoka 1931, enzi picha ndiyo kwanza zinaanza kusema, na MGM waliipiga huku kwetu, Tanganyika, Kenya na Uganda. Mwenzetu Mutia Omoolu aliigiza kama Rencharo, kisha akasafirishwa hadi Hollywood kumalizia. Ikashindania Oscar ya filamu bora. Vipande vya mbuga zetu vikachomekwa tena kwenye Tarzan ya 1932, maana mwongozaji alikuwa yuleyule, Van Dyke. Tarzan, mtu wa kubuni, hata watoto wanamjua. Mutia je? Mimi hainiingii akilini kabisa. Leo jioni narudi kibandani na picha yake kwenye simu.