Taji la Miss Dodoma lilipe ada, gari lisubiri

SEPTEMBA 2013 Dodoma ilitwaa ubingwa wa Tanzania. Sio wa mpira. Msimu ule wa 2013/14 mkoa haukuwa na timu hata moja Ligi Kuu, na hii Dodoma Jiji inayowatoa jasho vigogo pale Jamhuri ilikuja kupanda mwaka 2020. Ubingwa ule uliletwa na binti mmoja, Happiness Watimanywa, aliyeingia Miss Tanzania akitokea Dodoma, akawapiku warembo wa kila kona ya nchi na kuvishwa taji la taifa.

Desemba 14, 2014 akawa London, kapeperusha bendera ya Tanzania kwenye Miss World. Usiku ule taji la dunia lilikwenda Afrika Kusini, kwa Rolene Strauss, msichana aliyekuwa anasomea udaktari chuo kikuu.

Hapo ndipo ilipo hoja ya leo. Aliyeshinda dunia alishuka jukwaani ana taji kichwani na darasa linamsubiri nyumbani. Kwetu, kwa miaka mingi, picha ya mshindi wa Miss Tanzania ni ileile: taji, mkanda begani, na funguo za gari mkononi. Darasa ni juu yake mwenyewe na wazazi wake.

Kwa jiji kama Dodoma, hilo ni kosa la golikipa. Huu ni mji wa vyuo. Kuna UDOM na St John's, vyote vya mwaka 2007. Kuna CBE, kuna Mipango, kuna chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo. Binti wa miaka 20 anayekatiza Nyerere Square jioni, kuna uwezekano mkubwa ana daftari kwenye mkoba. Ndiye huyohuyo anayeombwa ajaze fomu ya Miss Dodoma. Halafu akishinda, anapewa kitu kinachokunywa mafuta.

Mpira umeshaonyesha njia

Shabiki wa soka wa Dodoma hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Aprili 2023, wasichana wa Fountain Gate, shule ya hapahapa Dodoma, walikwenda Durban, Afrika Kusini, kwenye fainali za Afrika za mashindano ya shule ya CAF. Wakarudi na kombe. Kitita cha bingwa kilikuwa dola 300,000 za Marekani.

Cha kuangalia zaidi ya kitita ni namna kilivyopangwa. Fedha zile, zilizotokana na mchango wa dola milioni 10 wa taasisi ya Rais wa CAF, Patrice Motsepe, hazikuwekwa ili kila mchezaji agawiwe chake akanunue simu. Ziliwekwa ziende shuleni, zijenge shule. Binti anafunga bao, shule inapata. Anayekuja nyuma yake anakuta mambo yameshakaa vizuri.

Tena mpira una kanuni nyingine ambayo kijiweni haisemwi sana. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 mpaka 23. FIFA ililiona hilo zamani: kipaji hakidondoki kutoka mbinguni, kuna mahali kimekuzwa, na pale mahali panadai haki yake.

Sasa urembo wetu ukoje? Binti anapita mchujo wa mkoa, anapita wa kanda, anaingia kambi ya taifa. Ni kama timu inayoanzia Ligi ya Mkoa mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho. Lakini mwisho wa safari hakuna hata senti iliyopangiwa chuo anachosoma, wala sekondari ya kata iliyomfundisha kusimama mbele za watu na kujieleza. Watu wanapiga picha, muziki unazimwa, kila mtu anakwenda kwao.

Wenzetu walianza 1945

Wazo la kumlipia mrembo masomo si geni wala si la kizungu cha juzi. Miss America ilianza mwaka 1921 pale Atlantic City kama kivutio cha ufukweni, cha kuwafanya watalii wabaki mjini baada ya msimu wa joto kuisha. Ilikuwa biashara ya hoteli tu. Mwaka 1945 ndipo kwa mara ya kwanza mshindi, Bess Myerson, alipopewa ufadhili wa masomo wa dola 5,000. Kuanzia hapo shindano lile likawa na sura nyingine: mzazi aliyekuwa akikunja uso alianza kusikiliza.

Ila na wenzetu nao wana madhambi yao, na ni vizuri yasemwe ili tusije tukayaiga. Mwaka 2014 Miss America ilibanwa hadharani kwa kujitangaza kwamba inatoa ufadhili wa dola milioni 45 kwa mwaka. Ilipopigwa hesabu, fedha zilizowafikia wasichana kweli zilikuwa sehemu ndogo tu ya hizo. Nyingine zilikuwa ahadi za vyuo ambazo hakuna aliyezichukua.

Shabiki wa Bongo analijua hilo bila kufundishwa. Mara ngapi tumesikia mchezaji kasaini mkataba mnono, picha imepigwa, jezi imeinuliwa, halafu mwaka haujaisha kesi ya mshahara ipo FIFA na klabu imefungiwa kusajili? Karatasi haijawahi kulipa ada. Kwa hiyo ufadhili ukija, uje umelipwa chuoni, na risiti ionekane.

"Si auze gari?"

Wapo watakaosema: mpeni gari, akitaka shule ataliuza. Jibu ni rahisi. Gari la zawadi lina macho ya watu. Akiliuza baada ya mwezi, mitandao itamtafuna kwamba kafulia. Akibaki nalo, linataka mafuta, bima na fundi, naye ni mwanafunzi anayesubiri bumu. Kijana wa mpira aliyepewa gari kabla ya kujengewa msingi, mwisho wake tunaujua. Tumewashuhudia wengi tu, majina yao yaliimbwa Jamhuri na Uwanja wa Taifa, leo wanaomba nauli.

Wapo watakaosema urembo ni burudani, shule ina wizara yake. Sawa. Lakini angalia warembo wenyewe walikokwenda. Faraja Kotta, Miss Tanzania 2004, ndiye mwanzilishi wa Shule Direct, inayomfikishia mwanafunzi masomo kwa njia ya mtandao. Flaviana Matata, aliyefika 10 bora ya Miss Universe 2007 kule Mexico akiwa amenyoa kipara, alisomea umeme Chuo cha Ufundi Arusha kabla ya jukwaa, na taasisi yake inasomesha wasichana. Jokate Mwegelo alipanda jukwaa la Miss Tanzania 2006, taji hakulipata. Alipokuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe akaja na kampeni ya Tokomeza Zero, ya kufuta sifuri kwenye matokeo ya mitihani.

Watatu hao, kila mmoja kwa njia yake, walipopata sauti waliipeleka darasani. Hakuna aliyewalazimisha. Kama warembo wenyewe wanajua thamani iko wapi, kwa nini waandaaji na wadhamini wachelewe kujua?

Mzazi wa Kondoa anataka kusikia nini

Kuna jambo la ndani zaidi. Miss Tanzania ya kwanza ilikuwa mwaka 1967, na mara baada ya hapo mashindano yakapigwa marufuku, yakaonekana hayaendani na utamaduni wala siasa ya nchi. Yalirudi mwaka 1994. Miaka yote hiyo imepita, lakini ile shaka haijaisha majumbani. Nenda Kondoa, nenda Mpwapwa, nenda Manyoni. Mwambie baba mzazi kwamba binti yake anataka kushindania urembo, uone sura itakavyobadilika. Hoja yake si ya kudharauliwa. Anauliza: mwanangu atasimama mbele ya watu apimwe kwa macho, halafu yeye anapata nini?

Ukimjibu "gari", umempoteza. Ukimjibu "ada ya miaka mitatu, imeshalipwa, barua ya chuo hii hapa", mazungumzo yameanza. Huenda asikubali bado. Lakini atakuwa anabishana na kitu cha maana. Na mabinti wa aina nyingine watajitokeza: wale wenye akili na haiba ambao leo wanakaa pembeni kwa sababu hawaoni faida, au kwa sababu nyumbani wamekatazwa.

Hata swali la jukwaani litapata uzito. Leo mrembo akiulizwa atafanya nini na taji, anasema atasaidia watoto yatima, ukumbi unapiga makofi, imeisha. Akiwa anashindania ufadhili, atatakiwa aseme anasoma nini, kwa nini, na akimaliza Dodoma itamwona wapi. Hilo ni swali la penalti. Hapo ndipo unamjua nani mchezaji na nani ana jezi tu.

Wafanye nini

Kwanza, zawadi kubwa ya Miss Dodoma, na baadaye ya kanda na taifa, iwe ada, ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Isipite mkononi mwa mtu. Gari likipatikana juu yake, sawa, hakuna anayechukia gari.

Pili, wagawiwe watano bora. Bei ya gari moja ni ada ya miaka kadhaa ya mwanafunzi wa chuo cha umma, na mtu yeyote anaweza kuchukua kalamu akapiga hesabu. Kwenye mpira aliyeshika nafasi ya pili haondoki mikono mitupu. Mshindi wa nne wa urembo anaondoka na mkanda na viatu vya kuazima.

Tatu, usajili uwe mkali. Mwaka 2014 taji la taifa liliingia kwenye utata wa umri siku chache tu baada ya kuvishwa, mpaka mrembo mwenyewe akalivua, na shindano likafungiwa na Baraza la Sanaa la Taifa. Mashabiki wa soka wanajua maana ya vijeba kwenye timu za vijana. Cheti cha kuzaliwa na barua ya chuo vikaguliwe kabla ya kambi, sio baada ya fainali. Ufadhili utasaidia hapo, kwa sababu chuo hakimlipishi ada mtu asiyekuwa kwenye daftari lake.

Nne, kila mwaka waandaaji waseme hadharani: mshindi wa mwaka jana yuko mwaka wa ngapi, ameendelea au ameacha, fedha imelipwa au bado. Klabu inasoma mapato na matumizi mbele ya wanachama, tena inazomewa. Mashindano ya urembo nayo yazoee.

Na wadhamini msikilize hili. Picha ya mrembo na gari inaishi siku moja kwenye gazeti. Picha ya mrembo huyohuyo kwenye joho la mahafali pale Chimwaga, jina la kampuni yenu likitajwa kwamba ndiyo iliyomfikisha, hiyo inaishi ukutani kwa wazazi wake maisha yote. Tangazo la namna hiyo huwezi kulinunua.

Dodoma sasa ni makao makuu kweli, sio ya kwenye vitabu. Serikali imehamia, timu ipo Ligi Kuu, mabinti wa mpira wameshaleta kombe la Afrika la shule. Haina sababu ya kusubiri Dar es Salaam ianze. Miss Dodoma ijayo iwe ya kwanza nchini kutangaza kwenye bango lake, juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina la msanii atakayetumbuiza: mshindi atasomeshwa.