Harusi Ilipie Paa, Lakini Lango Libaki Wazi

Juu ya magenge ya bahari kaskazini-mashariki mwa Uskoti, jirani na kijiji cha Cruden Bay, zimebaki kuta tupu za ngome ya Slains. Ilikuwa mali ya ukoo wa Hay, mabwana wa Erroll, na wasomaji wa Kenya wanalijua jina hilo: Lord Erroll aliyekutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi, Januari 1941, alikuwa mjukuu wa aliyeiuza ngome hiyo mwaka 1916. Mwaka 1925 paa la Slains liling'olewa. Halikubebwa na dhoruba wala kubomolewa na vita. Nyakati zile jengo lisilo na paa halikutozwa kodi ya majengo, na wenye majumba makubwa wengi waliolemewa na gharama waliona heri wavue paa na kuiachia mvua kazi iliyobaki. Anayekereka leo akiona ukumbi wa karne ya 13 umejazwa maua na viti vya kukodi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, aanze kwa kuitazama Slains. Ngome isiyoingiza kitu haibaki kama ilivyo.

Nasema hivyo kwa sababu harusi, kwa maoni yangu, ni riziki halali ya ngome hizi, tena afadhali kuliko riziki nyingi nyingine. Ila uhalali huo una sharti: fedha ya maharusi isinunue kufuli. Ngome inayofungisha ndoa na bado ikampokea mtalii wa kawaida, mwanafunzi na mwanakijiji inastahili kutetewa. Ile inayowafungia hao wote nje, na kuwapangia wageni wake kila kitu ndani ya uzio ili senti isitoke, inakula peke yake, na haina haki ya kujiita mlinzi wa urithi wa taifa.

Wakosoaji wengi hupita haraka kwenye suala la gharama. Kuta hizi zilijengwa kwa mawe na chokaa, na nyingi zikapakwa juu plasta nzito ya chokaa na kokoto. Fundi wa Lamu au wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa chokaa hufanya nini: hunywa unyevu, kisha huutoa. Katika karne ya 20 kuta nyingi zilipigwa saruji kwa kudhani ingedumu zaidi, nayo ikafungia maji ndani. Craigievar, ngome ya rangi ya waridi huko Aberdeenshire, ilibidi ibanduliwe saruji hiyo na kupakwa chokaa upya. Kazi ya namna hii ni ya mkono, juu ya jukwaa refu, na chokaa mbichi haivumilii baridi ya kugandisha, kwa hiyo mafundi hutegemea miezi ya joto, ileile ambayo maharusi nao wanaigombania. Mwenye ngome anayesema harusi ndizo zinazomlipia ukarabati aulizwe pia kama huwa anawaachia mafundi hata wiki mbili za Juni.

Serikali haiwezi kubeba mzigo huu peke yake. Historic Environment Scotland, taasisi ya umma inayotunza maeneo ya kale zaidi ya 300, ilianza mwaka 2021 kuzuia watu wasiingie kwenye makumi ya majengo yake, ikihofia mawe yaliyolegea kwa mvua yasiwaangukie. Kasri la Linlithgow, alikozaliwa Mary Malkia wa Waskoti mwaka 1542, lilikuwa miongoni mwao. Na hiyo ndiyo taasisi yenye Edinburgh Castle, inayopokea takriban watu milioni 2 kwa mwaka. Ikiwa hao nao wanahangaika na mawe, familia yenye mnara mmoja na bustani itafanya nini?

Harusi zimekuja huku kwa sababu za kisheria pia. Mwaka 1754 England ilianza kudai idhini ya mzazi kwa kila aoaye au aolewaye akiwa chini ya miaka 21. Ng'ambo ya mpaka, Waskoti waliitambua ndoa iliyotamkwa tu mbele ya mashahidi wawili, na hapo kijiji cha Gretna Green kikapata umaarufu wa kuwaozesha vijana waliotoroka kwao, mhunzi akigonga fuawe lake. Ndoa za namna hiyo zilikomeshwa mwaka 1940. Hata hivyo kuna jambo limebaki: wakati England imezoea kulipa kibali jengo, Uskoti humpa kibali mtu anayefungisha ndoa. Mchungaji anaweza kuifunga kwenye gofu au ufukweni. Tangu 2002 msajili wa serikali naye anaweza kutoka ofisini kwake. Maharusi hutoa taarifa kwa msajili wa eneo angalau siku 29 kabla (Mtanzania au Mkenya anayetoka kwao ataongezea viza maalumu ya ndoa), na hati iliyosainiwa na mashahidi wawili hurudishwa kwake ndani ya siku 3. Harusi iwe ya kifahari kiasi gani, haikwepi meza ya ofisi ya mji mdogo ulio karibu.

Sasa tuitazame Eilean Donan, ngome inayopigwa picha pengine kuliko zote katika nyanda za juu za magharibi. Imekaa kwenye kisiwa kidogo zinapokutana ghuba tatu za bahari, karibu na kijiji cha Dornie, na ndoa hufungwa katika ukumbi wake wa karamu. Wapo wanaosema ni ya bandia, na kwa namna fulani wana haki. Mei 1719 meli za kivita za Uingereza ziliipiga mizinga na kuwateka askari wa Kihispania waliokuwamo, kisha ikalipuliwa kwa baruti. Ilibaki gofu karibu miaka 200. Tunayoiona leo, pamoja na daraja lake, ilijengwa kati ya 1912 na 1932 na ofisa wa jeshi wa ukoo wa MacRae. Lakini iko mikononi mwa wakfu wa hisani na imepokea watalii tangu 1955. Kuta zenye umri wa miaka mia moja, ambazo mtoto yeyote wa Dornie anaweza kuzizuru, zina thamani kwa umma kuliko za miaka mia saba zilizozungushiwa walinzi.

Faida yenyewe hasa iko nje ya daraja hilo. Mgeni aliyesafiri saa nyingi kwa ajili ya sherehe ya siku moja hakai siku moja. Atataka kwenda kisiwa cha Skye. Akiambiwa na mwenyeji wake, atakwenda Glenelg, ambako katika msimu wa watalii kivuko kidogo kinachomilikiwa na wakazi bado kinazungushwa sitaha yake kwa mikono ya mabaharia, gari likiwa juu, ndipo magari yashukie upande wowote. Hapo karibu kuna Dun Telve na Dun Troddan, minara ya mawe yenye miaka kama 2,000, isiyo na kiingilio. Chumba alicholala, nauli ya kivuko, samaki wa chakula cha mchana: hizo ni fedha ambazo mwenye ngome hazigusi, na ndizo zinazowafanya majirani wavumilie kelele za zumari usiku. Nao mfano wa kinyume upo. Ngome ya Skibo, iliyokuwa makazi ya tajiri Andrew Carnegie, ilikuwa klabu ya wanachama Madonna alipoolewa humo Desemba 2000. Mji wa jirani wa Dornoch ulijaa waandishi wa habari kwa sababu ubatizo wa mtoto wake ulifanyika siku moja kabla, katika kanisa kuu la mji. Sherehe iliyofanyika nje ya geti ndiyo iliyoonwa na mji.

Nitajibiwa kwamba mali ya mtu ni mali yake, na anayelipa pauni maelfu kwa faragha apewe faragha. Kwa siku ya harusi, sawa kabisa. Mwaka mzima ni habari nyingine, hasa pale umma umekwisha kuchangia. Sheria ya Uingereza inaruhusu jengo lenye thamani ya kihistoria lisamehewe kodi ya mirathi, ili mradi mrithi alitunze na kuwaruhusu watu kuliona. Maelewano ya namna hiyo yafaa kufuatwa kila ngome inapopewa ruzuku ya ukarabati: idadi ya siku za wazi iandikwe kwenye mkataba, na itangazwe hadharani, isiwe siri ya mwenye ngome na mwanasheria wake.

Pingamizi zito kuliko yote ni la historia. Mabwana wa ngome ya Dunrobin, familia ya Sutherland, mwanzoni mwa karne ya 19 waliwaondoa maelfu ya wakulima kwenye mabonde yao kupisha kondoo. Kucheza ngoma ya harusi ndani ya majumba kama hayo kunawaudhi wengi, nami siwalaumu. Ila tazama ngome ya Lews, katika mji wa kisiwani wa Stornoway. Aliijenga James Matheson kwa mali ya biashara ya kasumba ya China, na chini ya umiliki wake watu wengi wa kisiwa walipelekwa Kanada katika miaka ya 1850. Mwaka 1923 mmiliki wa baadaye, Lord Leverhulme, aliwakabidhi wakazi ardhi ya Stornoway. Leo ngome ni mali ya umma. Tangu 2016 ina makumbusho yenye kete sita za sataranji za meno ya walrasi zilizochongwa zaidi ya miaka 800 iliyopita, na ukumbi wake wa dansi hukodishwa kwa harusi. Vizazi vya waliobaki wanaoana ndani ya nyumba ya aliyewafukuza ndugu zao. Sioni njia bora ya kuitumia.

Linabaki suala la makazi, na hapa watetezi wa harusi hawana jibu kamili. Nyumba nyingi za nyanda za juu zimegeuzwa za kulaza wageni wa siku mbili tatu, na kijana wa Skye hapati pa kupanga. Leseni za nyumba hizo zimeanza kudaiwa, na Edinburgh imepitisha tozo ya asilimia 5 kwa malazi, kuanzia Julai 2026. Hatua hizo zitasaidia kiasi. Mwenye ngome anayejisifu kwamba harusi zake zinatoa ajira aeleze kwanza wapishi na wahudumu wake wanalala wapi wiki ya Julai, vyumba vyote vya kijiji vikiwa vimekodiwa na wageni aliowaalika yeye.