Taa za kijana, pikipiki ya bosi
Wiki hii hapa Matai, nje ya kibanda cha fundi umeme, kijana wa bodaboda alikuwa anafungiwa taa mbili za LED kwenye Boxer ambayo bado si yake. Yuko kwenye mkataba: anapeleka hesabu kwa bosi, na kadi inabaki kwa bosi mpaka deni liishe. Fundi alichuna waya wa taa ya mbele, akausokota na mpya, akaviringisha utepe mweusi; hakuna rilei, hakuna fyuzi. “Bosi anajua?” nikauliza. Kijana akacheka: “Bosi anajua hesabu tu, mzee.” Namwelewa. Njia ya kushuka Kasanga usiku ina ukungu, ng'ombe na malori ya bandarini, na ile taa ya kiwandani haifiki mbali. Lakini mali ya mkataba utaitunza kama yako, utaigusa kama ya mwenzio. Waya ukiungua, ataambiwa kaharibu pikipiki. Usipoungua, siku akinyang'anywa, taa alizonunua zinaondoka nayo. Na anayekuja mbele yake anaambulia upofu, maana taa zile zinatazama machoni pa watu na hakuna aliyejali kuzilaza. Wengi watamlaumu kijana. Mimi namlaumu bosi. Anayekula hesabu ya safari za usiku alipie mwanga wa usiku, wenye fyuzi na uliolazwa chini, tena uandikwe kwenye mkataba. Hiyo si hisani, ni gharama ya biashara yake.